Chupa Iliyoandikwa Sifuri

"Shemeji, kula tende kwanza. Hiyo mitambo yako haikimbii."

Mwanahalima alisema hivyo, lakini Kasim alikuwa ameshafika mlangoni, mkeka ameupa mgongo, anavuta vepu yake, ile sigara ya umeme, kama mtu aliyezama akaibuka. Adhana ya magharibi ilikuwa haijaisha vizuri. Wenzake ndiyo kwanza wanapuliza uji. Nje mvua ya Tukuyu inamwagika, na moshi mweupe wenye harufu ya chai ya iliki ukawa unarudi ndani, moja kwa moja kwa Nusrat, aliyeshika kikombe.

"Si ulisema nikotini umeacha? Haraka yote hii ya nini?"

"Nimeacha, dada. Huu mvuke wa ladha tu. Muulize mdogo wako, yeye ndiye fundi."

Nusrat akajibu kwamba ndiyo, ni ladha tu. Alijibu huku anaangalia uji.

Alikuwa anadanganya, tena mwezi mtukufu, tena mbele ya dada yake aliyemlea. Ngojeni niwaeleze alichokifanya, na msiwe wepesi wa kumhukumu, maana wapo kati yenu ambao kwa kumng'ang'ania mtu mmefanya makubwa kuliko haya, basi tu hamjakamatwa.

Nusrat alikuwa na kiduka cha manukato na mafuta ya nywele pale Msasani ya Tukuyu, na mafuta alikuwa anachanganya mwenyewe. Kasim alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Kondoa, serikali imempangia shule moja kule Masukulu. Siku ya kwanza aliingia dukani na vepu aliyoianza ili aache sigara, akalalamika kwamba maji ya vepu ya kununua yanamfanya ajione anavuta dawa ya meno. Mkononi alikuwa na glisirini pamoja na kichupa cha nikotini alichotumiwa na rafiki yake wa Dar. Akamwomba amchanganyie kitu chenye ladha ya chai ya nyumbani, kwa kuwa amesikia yeye ana pua.

Chupa ya kwanza ilinuka losheni. Wakacheka wote wawili. Baada ya hapo zikaanza meseji.

"Iliki imezidi. Nahisi navuta pilau."

Nusrat akapunguza matone.

"Sasa maziwa yamechacha. Ila usikate tamaa, fundi."

Akabadilisha maziwa, akaongeza tone moja la kahawa.

"Hii hapa. Usiguse tena chochote. Jumamosi nakuja kukushukuru mwenyewe."

Akaja kweli. Akaja na Jumamosi iliyofuata, na nyingine, kwa bodaboda, matope hadi magotini. Ilipofika chupa ya sita walikuwa hawazungumzii tena iliki, wanazungumzia ndoa.

Mwezi wa kumi Kasim akamweleza jambo zito. Baba yake alikufa kwa sigara, amelala chumba cha uani anakohoa, na mama yake alimwapisha kwamba hataleta mke nyumbani huku mdomo wake unatoa nikotini.

"Nipunguzie wewe," akasema. "Kila wiki kidogo, nisihisi. Niandikie namba kwenye chupa, hadi ufike sifuri. Siku hiyo nampigia mama, anatuma wazee."

Nusrat alianza kwa uaminifu, hilo tumpe haki yake. Akapunguza wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipokaribia nusu, Kasim hakuja Jumamosi. Hakuja na iliyofuata. Akimpigia, anajibiwa kivivu kwamba ladha imepooza, mwili umechoka, amelala. Na kila habari ya shuleni ina jina la Tumpe, mwalimu mgeni wa kike: Tumpe kasema hivi, Tumpe kapika vile.

Mtu aliyewahi kuacha angemwambia kwamba huo ni mwili tu unalalamika, utatulia. Nusrat hakuwa na wa kumwambia. Alichoona yeye ni mwanaume anayemponyoka. Wiki ya nne akairudisha nikotini yote, akazidisha na kidogo, akamtumia chupa kwa bodaboda na maneno kwamba amerekebisha iliki.

Jumamosi saa nne asubuhi Kasim alikuwa mlangoni anacheka.

"Sijui umefanya nini safari hii. Wiki nzima nimekuwaza wewe tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Tangu hapo kila wiki alishika kalamu nene akaandika namba ndogo kuliko ya wiki iliyopita, na ndani akaweka kilekile. Katikati ya Shaaban akaandika sifuri. Kasim akaipiga chupa picha, akamtumia mama yake.

Kisha Ramadhani ikaingia, na mwili wa Kasim ukaanza kudai. Kila alasiri kichwa kinampasuka, mikono inamtetemeka, anawafokea wanafunzi. Akifungua, anavuta saa nzima mfululizo hadi moyo unakwenda mbio na kijasho kinamtoka kwenye baridi ya Tukuyu. Kila Kasim alipokuja kufuturu, Nusrat alikuwa anayaona hayo kutoka upande wa pili wa mkeka. Kila akilala anaapa kwamba Jumamosi ijayo atasema. Jumamosi ikifika, Kasim anamtabasamia, naye anajaza chupa.

Siku ya kumi na nne ya mfungo, saa tano asubuhi, yuko dukani, simu ikaita mlio wa meseji.

"Nimeanguka darasani. Walimu wamenileta hospitali ya Igogwe. Usihangaike kuja na mvua hii."

Hajaiweka simu chini, ikaingia nyingine.

"Wanahisi ni moyo, huenda nikapelekwa Mbeya kwa vipimo. Nusrat, kama ni moyo nakuacha huru mapema. Sitaki uwe mjane kabla hujawa mama. Nimeshamwambia mama asitume wazee."

Aliisoma mara tatu. Kitu alichokitia kwenye chupa ili mwanaume asiondoke, ndicho hichohicho kinachomwondoa. Akafunga duka, akakimbia nyumbani, akamweleza dada yake kila kitu bila kujipunguzia.

Mwanahalima akaenda kufunga mlango. Kisha akamshauri kitu ambacho dada yeyote mwenye uchungu angeshauri: anyamaze. Aifanye chupa iwe sifuri ya kweli, kijana atapona taratibu, wataoana, siri itabaki kwao wawili.

"Na dawa za moyo watakazompa bila sababu?" Nusrat akauliza. "Nimwangalie anameza?"

Dada yake akainuka. Akampa mwavuli.

Igogwe alimkuta Kasim amekaa kitandani, uso umemchujuka. Daktari mmoja wa kike, Tusajigwe, alikuwa anaandika kwenye faili.

"Nakuuliza tena, mwalimu. Unatumia sigara, au chochote chenye nikotini?"

"Nilishaacha, daktari. Tangu Shaaban."

"Hajaacha," Nusrat akasema akiwa mlangoni, maji yanamchuruzika kwenye ushungi. "Daktari, hajaacha. Mimi ndiye ninayemchanganyia maji ya vepu. Niliandika sifuri, ndani nikaweka nikotini kama mwanzo. Nikazidisha. Yeye hajui."

Kasim akamtazama kama anayetazama mtu asiyemfahamu.

Daktari hakumgombeza. Alimuuliza kiasi gani, tangu lini, kila siku chupa inashuka kipimo gani, na Nusrat akajibu kila swali. Daktari akasema vipimo vya moyo vitafanyika vilevile, hilo halikwepeki, ila haya yanaeleza mengi: mchana kutwa mwili unanyimwa, jioni unamiminiwa wote kwa saa moja, tumbo tupu. Akachukua faili, akawaacha.

"Kwa nini?" Kasim akauliza.

"Ulikuwa huji tena."

"Nilikuwa naacha, Nusrat. Mtu anayeacha anapooza. Ningekaa sawa."

"Sikujua. Nilidhani unaniacha mimi."

"Mama yangu nilimwapia. Picha ya chupa nilimtumia."

"Najua."

"Unajua kinachoniuma zaidi ni nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na Nusrat aliona heri angefokewa. "Kila Jumamosi nikipanda ile bodaboda, nilikuwa najiambia, haya ndiyo mapenzi. Sasa sijui. Sijui nilikuwa nakufuata wewe au nilikuwa nafuata chupa."

Nusrat alitaka kusema, ulikuwa unanifuata mimi. Lakini angejuaje? Hata yeye hajui, na hatajua, kwa kuwa aliyevuruga ushahidi ni yeye mwenyewe.

"Usinipigie," Kasim akasema. "Usinitumie kitu. Nitaacha mwenyewe, bila kuchanganyiwa na mtu. Nikishaacha nitajua."

Jioni ile Nusrat alimpigia simu mama yake Kasim, mwanamke ambaye hawajawahi kuonana.

"Shikamoo, mama. Naitwa Nusrat, wa Tukuyu. Mwanao hakuvunja kiapo chake. Mimi ndiye niliyemvunjia."

Akamweleza mwanzo hadi mwisho. Mama akasikiliza, akasema amesikia, akakata.

Siku zilizobaki za mfungo alizifunga kwa shida. Futari anairudisha jikoni nusu. Akisujudu anakaa huko hadi dada yake anamshtua. Idd ikaja na pilau lake, watoto wa jirani na nguo mpya, simu yake kimya. Akajiambia kwamba Kasim ameshajua, na jibu lenyewe ni huo ukimya. Idd pili alikwenda kufungua duka kwa sababu nyumbani kuta zilikuwa zinamtazama.

Mchana, anampimia mteja mafuta ya karafuu, mlango ukaingia giza. Kasim amesimama pale, amekonda, kucha amezitafuna hadi kwenye nyama. Mteja akapokea chake akaondoka.

"Moyo ni mzima," Kasim akasema. "Wamepima wakarudia."

"Alhamdulillah."

"Siku kumi na nane sijagusa. Wiki ya kwanza nilimchukia kila mtu, wewe zaidi."

"Ni haki yako."

"Kisha hamu ya kuvuta ikaanza kupungua. Nikawa nangoja na hamu ya kuja huku nayo ipungue. Nilikuwa naiombea dua iishe, nipumzike."

Nusrat alishika ukingo wa meza. Aliuliza kwa sauti ambayo hata mimi ningetega sikio ili niisikie.

"Imeisha?"

"Haikuisha." Kasim akafuta uso kwa kiganja. "Sijakusamehe, Nusrat. Usije ukadhani nimekusamehe. Na mama naye hajakusamehe, ameniambia nikufikishie hivyohivyo. Ila anauliza wazee waje lini."

Nusrat akaachia ukingo wa meza. Alikaa juu ya katoni la losheni, akajifunika uso na ushungi, akalia kilio cha mtu mzima. Mama mmoja aliyekuja kutaka mafuta ya nywele ilibidi Kasim amwombe radhi, arudi kesho.