Wingu Alilolinyamazia Jovitha

Kila siku baada ya shule, Jovitha alikaa katika duka la baba yake Kariakoo akipanga ndoo na mabeseni, na hakuna mteja aliyekawia kidogo ambaye Jovitha hakumwambia, "Mimi ni mtu wa mlimani." Ukweli ni kwamba alizaliwa hapo hapo Dar es Salaam. Ila kila Desemba, kama familia nyingi za Kichaga za mtaa ule, walifunga duka wakaenda kula Krismasi kwa bibi, Kibosho. Huko Jovitha alimenya ndizi, akala, akapigwa picha Kilimanjaro ikichungulia nyuma ya bega lake. Mguu wake haukuwahi kuvuka migomba ya bibi.

Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Thuraya, rafiki yake wa darasani, aliyeishi Mchafukoge katika ghorofa la juu kabisa la jengo kuukuu. Thuraya hakuwahi kuuona mlima. Alisikiliza kwa macho makubwa, na Jovitha alimpenda hasa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo shangazi Severa, mwalimu wa michezo huko Morogoro, alipomwalika kwenda kupanda miamba ya Uluguru mwisho wa wiki, Jovitha mwenyewe ndiye aliyeomba Thuraya aje. Alitaka shahidi.

Jumamosi walianza na jua kali. Kabla hawajafika mbali yakaja manyunyu, kisha jua tena, kana kwamba mlima haujaamua. Shangazi akawapa sharti moja: anayetangulia ndiye macho ya wenzake. Akiona wingu linashuka kutoka kileleni aseme, na wote wageuke, maana mwamba ukilowa huteleza kama sabuni.

Hata miamba haijaanza, Jovitha alikuwa anahema kwa mdomo. Thuraya, ushungi wake ameufunga vizuri kisogoni, alimpita taratibu bila kutoa sauti. Shangazi alimuuliza alijifunzia wapi. Thuraya alieleza kwamba lifti ya jengo lao ilikufa zamani, na yeye ndiye anayepandisha maji.

"Kumbe tumeleta mbuzi wa Mchafukoge," shangazi alisema akicheka. "Jovitha, mtazame mwenzako anavyoweka mguu."

Jovitha hakumtazama. Jioni, nyumbani kwake, shangazi alimwita Thuraya "mwanangu" na kumwekea kiti karibu naye. Jovitha akasema pilau imezidi chumvi, na wala haikuzidi.

Jumapili aliomba atangulie yeye. Sasa walipanda kwa mikono na miguu, vidole vikitafuta nyufa. Akiwa karibu kabisa na juu, Jovitha aliliona: wingu zito, la rangi ya majivu, likiteremka kwa kasi. Alisimama.

"Huko juu vipi?" shangazi aliuliza kutoka chini.

Jovitha alipima kilichobaki. Mwamba mmoja tu, na angekuwa wa kwanza.

"Kweupe, shangazi."

Akafika. Akageuka ili aonekane, lakini hakuona mtu, ukungu ulikuwa umeshameza kila kitu. Mvua ikashuka. Kisha akasikia mawe yakiporomoka, na sauti ya Thuraya ikikatika katikati.

Aliteremka kwa makalio, akilia. Thuraya alikuwa amekwama kwenye kichaka ukingoni mwa korongo, goti limechanika, na shangazi amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Wakamvuta. Walijikinga katika kibanda cha mkulima wa mboga, shangazi akalifunga goti kwa mtandio wake.

"Jovitha, lile wingu hukuliona?"

"Halikuwepo. Limekuja ghafla."

"Aliliona," Thuraya alisema, meno yakigongana kwa baridi. "Nilikuwa chini yake. Alisimama, akalitazama, halafu akasema kweupe."

"Mnafiki wewe," Jovitha alisema. "Mimi nimekuleta, halafu unanichongea?" Kisha akamgeukia shangazi, na yote yakamtoka. "Tangu jana ni Thuraya tu, Thuraya tu. Mimi ndiye damu yako. Nililiona, ndiyo. Nilitaka unione mimi."

Shangazi alikaza fundo la mtandio, ndipo akamgeukia Jovitha.

"Nilipomsifu mwenzako, sikukupunguzia wewe kitu," alisema. "Uongo wako ulikaribia kutupunguzia mtu mmoja. Wivu unampata kila mtu, hata mimi. Kosa ni kuupa kazi ya kutuongoza. Ukitangulia, umeshika roho za walio nyuma yako, hata kama humpendi mmoja wao."

Jovitha alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akamwomba Thuraya msamaha. Thuraya alisema amesamehe, ila goti linauma vilevile.

Mvua ilipokatika wakaanza kushuka, Thuraya amemwegemea Jovitha, shangazi akiwa mbele.

"Basi na wewe niombe radhi," Jovitha alinong'ona.

"Kwa lipi?"

"Kwa kunishinda. Mbele ya shangazi yangu mwenyewe."

Thuraya alifikiri, alifikiri kweli, kisha akatikisa kichwa.

"Kwa hilo siombi. Leo siombi, na tukirudi Dar siombi. Nishike vizuri, hapa panateleza. Na radhi siombi."