Kijichumba Kisicho na Mlango

Kwanza ilikuwa harufu tu. Rula, kama walivyomwita nyumbani kwa jinsi alivyonyooka mwili na maneno, alidhani panya amefia nyuma ya kabati la ramani. Akapulizia marashi. Ukawa uvundo wenye marashi, na huo ni mbaya zaidi.

Ofisi ile ya usanifu majengo aliianzisha babu yake, akairithi baba yake, na sasa Rula, bintiye, ndiye aliyechora. Pamoja na kazi alirithi desturi moja: kila nyumba lazima iwe na kijichumba kilichozibwa pande zote, bila mlango wala dirisha. Wateja waliambiwa kinaimarisha kuta. Rula alikiona kinakula nafasi bure. Katika ramani ya wanandoa waliokuwa wakitarajia mtoto akakifuta, akapanua stoo, wala hakumwambia mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mwenye shahada ukutani utamwambia nini?

Siku ile alipovuta droo kuitoa ramani hiyo, karatasi zilikuwa zimegandana kwa ute wa manjano uliojaa vinyweleo. Ute ukamnata vidoleni, vuguvugu kama makamasi ya mtu. Akatapika kwenye ndoo ya taka.

Ndipo akamsikia baba yake akikohoa chumba cha pili. Alimkuta ameinamia meza, tumbo limevimba, anatema chokaa mbichi iliyochanganyika na nywele.

"Umekifuta?" Mzee akanong'ona.

"Baba, ilikuwa nafasi ya bure tu..."

"Bure? Babu yako alimwahidi jini pa kulala katika kila nyumba tutakayochora. Ukimnyima, analala ndani yetu. Kirudishe, mwanangu. Nakufa."

Rula akatandaza ramani palepale, akachora kuta nne. Tumbo la Mzee likacheza. Mdomo wake ukafunguka, ikatoka sauti isiyo yake, ya utelezi.

"Padogo. Siku hizi nina watoto."

Rula akaona visigino vidogo vikisukuma ngozi ya baba yake kwa ndani, kimoja hapa, kingine pale, vikipanda kuelekea kooni, na Mzee macho yakamtoka, na chokaa ikamjaa puani, na stoo yote isingetosha, na kando ya kile kijichumba hapakuwa na pengine pa kupanulia ila chumba cha mtoto, ambacho yule mama mjamzito alikuwa amekichagulia dirisha mwenyewe, ameketi kwenye kiti hichihichi, akicheka.

"Baba, ni cha mtoto," akalia.

Mzee akatikisa kichwa kumkataza asikiguse. Hakuweza kusema, kinywa kilishajaa.

Rula alijionea kinyaa kuliko ule ute. Akausogeza ukuta mpaka pale kitanda cha mtoto kilipochorwa.

Tumbo likanywea. Mzee akavuta pumzi, akageuza uso asimtazame binti yake. Chini ya karatasi vikasikika vinywa vingi vidogo vikilamba, na Rula akapiga muhuri.