Kiraka cha Bawa la Kushoto

Kiraka kilianza kupiga makofi juu ya mji wa Nyamira, na Nyamusi akakijua kabla rubani hajageuza shingo.

"Nini hiyo?" Geoffrey Mokua aliuliza.

"Bawa la kushoto, Kapteni. Kile kirefu."

Siku mbili kabla, huko kaskazini ng'ambo ya mpaka, watu wa vita waliimiminia risasi ndege yao ya dawa ikiwa imetua kwenye matope. Matundu kumi na moja. Nyamusi, binti wa fundi mabati wa Mosocho aliyekwenda kusomea ufundi wa ngozi ya ndege, yaani mabati yake ya nje, aliyaziba kwa asubuhi moja mvua ikimpiga mgongoni. Kila tundu alilikata na kulilainisha kwa tupa, kila ufa akautoboa mwishoni usiendelee kutambaa, kisha bati la alumini juu na ribiti, misumari ya kubana bati, kuzunguka. Risasi moja ilikuwa imechana bawa urefu wa mkono mzima. Hapo bati moja halikutosha, akaunga mawili.

Leo Geoffrey alikuwa awashushe Nyamusi na Josiah Onsongo, muuguzi wao, kwenye uwanja wa Suneka, kisha aipeleke ndege Nairobi ikatengenezwe kwa utulivu. Lifti ya mpaka nyumbani. Nani angeikataa?

Mvua ya mawe ikawafunika, ile ya saa tisa ambayo wachuma chai huinusa kabla haijafika. Kiraka kikang'oka na kuondoka na ngozi ya bawa kama ganda la ndizi. Ndege ikalala ubavu. Geoffrey aliinyoosha kwa mikono, kwa magoti, na kwa matusi ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Genge la miamba la Manga likapita ubavuni, jeusi, karibu kuguswa. Kisha miti. Kisha kishindo, na baada yake mawe tu yakigonga bati.

Walikuwa bondeni, pua ya ndege imezama kijitoni. Mkono wa kulia wa Geoffrey ulikuwa umevunjika. Sanduku la vifaa lilikuwa limempondaponda Josiah mguu juu ya goti, na damu ilitoka kwa mapigo.

"Mshipi," Josiah alisema, meno yamekazana. "Juu ya jeraha. Kaza. Kaza, dada, hufungi kuku wa sokoni!"

Nyamusi akakaza mpaka damu ikakoma.

"Saa ngapi?"

"Tisa na dakika kumi."

"Nina saa mbili, basi. Zikipita hizo, sijui. Nikinyamaza, nipigeni kofi."

Redio ilikuwa imekufa. Simu ya Nyamusi ilikuwa nzima, lakini mtandao haukuwepo. Na watu? Watu walikuwa pande zote, moshi wa majiko yao waliuona kwa macho kabla ya mawingu kufunga. Lakini Gusii nzima inalala chini ya mabati, na mvua ya mawe ikishuka hata mke na mume kwenye benchi moja hawasikiani. Ndege ingeweza kuanguka nyuma ya choo, wenyewe wakasema leo mvua imezidi.

Mawe yalikuwa yakiingia kwenye mpasuko wa paa na kumpiga Josiah usoni. Nyamusi akapanda nje kuufunika kwa kipande cha bati, na kutoka hapo akaliona bawa la kushoto. Akasimama, mawe yakimgonga kichwani.

Asubuhi ile ya matope, pua ya ndege ilikuwa imedidimia, mkia uko juu. Mikono yake iliona mteremko, ikaona paa. Bati la juu hulalia la chini ili maji yapite: ndivyo baba yake alivyoezeka nusu ya Mosocho. Kwa hiyo bati la nyuma akalilaza juu ya la mbele. Angani hakuna maji ya kuteremka. Kuna upepo unaotoka mbele, nao ulipata ukingo wa kutia kucha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelijua hilo.

"Umeona nini?" Geoffrey aliita.

"Nitakwambia. Shika bati hili kwa mkono ulio mzima."

Josiah alitaka maji. Kijito kilikuwa tope tupu, basi Nyamusi akamtia punje za barafu mdomoni, moja moja.

Saa kumi na robo mvua ikakata. Nyamusi akachukua nyundo, akapanda mkiani na kuanza kuipiga ngozi ya ndege. Alipiga, akasikiliza, akapiga tena. Ndani, kofi la Geoffrey likalia shavuni mwa Josiah.

"Usinipige kama mtoto wako!"

"Basi ongea!"

Kofi la pili halikujibiwa. Nyamusi akapiga mpaka mpini ukawa na damu.

"Nyinyi wapika chang'aa na mapipa yenu!" sauti ya mwanamke ikashuka kutoka juu. "Leo chifu yuko, nawaambia!"

"Mama, kuna mtu anakufa huku!"

"Ee Nyasae, Mungu wangu!"

Huyo alikuwa Bathsheba, mchuma chai, mwenye kikapu bado mgongoni. Alipiga yowe moja, na kufumba na kufumbua watu thelathini walikuwa bondeni, kila mmoja na shauri lake. Wakambeba Josiah kwenye magunia ya chai, wakiteleza, wakigombana, wakipokezana. Barabarani walifika saa kumi na moja na nusu, saa mbili za Josiah zikiwa zimepita.

Aliishi. Mguu haukuishi.

Kesho yake ukumbi wa hospitali ulijaa jamaa, na hadithi ilishapambwa: mvua ya mawe, mawe kama mayai, la, kama ngumi! Lavender, mke wa Josiah, akaishika mikono ya Nyamusi. "Mungu aibariki hii mikono, dada. Bila wewe leo tungekuwa tunamchimbia kaburi."

Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeweza kuitikia amina akaenda zake Mosocho.

"Si mvua, mama," Nyamusi alisema. "Ni kiraka. Nilikiunga kama paa. Mimi ndiye niliyeukata mguu wa mume wako."

Lavender hakuiachia mikono. Aliigeuza, akavitazama viganja vilivyochubuka.

"Keti," alisema. "Anza mwanzo, na usiruke kitu."