Alama ya X kwenye Chumba cha Mama

Nilirudi nyumbani nikakuta X nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha mama yangu. Bado mbichi, inachuruzika.

Chini yake neno moja: BOMOA.

Na pembeni ya afisa ujenzi wa halmashauri, amemshikia kopo la rangi kama msaidizi aliyeajiriwa... wifi yangu.

Someni taratibu.

"Wifi, unafanya nini hapa?"

"Namwonyesha njia tu."

"Njia ya kwangu anaijua hata mbwa wa jirani."

Afisa akakohoa. "Mama, kibali chako cha ujenzi kilifutwa jana. Na umemwaga rangi ya mafuta mtaroni. Saa kumi tunabomoa."

Nikatazama mtaro. Kijani mtupu, mpaka kwa jirani.

Rangi ilikuwa yangu, sikatai. Makopo matatu yalibaki, nikayafunika nikayaweka stoo, nisubiri kuyapeleka kituo cha taka hatarishi. Ile ya maji nilishaichanganya na maranda ya mbao ikakauka ngumu kama tofali. Mimi na mtaro wapi na wapi?

Mama yangu alipata kiharusi. Yuko kwa dada yangu, ghorofa ya tatu, hajakanyaga chini miezi minane. Chumba hiki ninachomjengea kikianguka, anabaki hukohuko juu.

Nikamshika wifi mkono.

"Twende."

"Wapi?"

"Halmashauri. Si wewe ndiye mwonyesha njia?"

Karani wa vibali alikuwa na miwani kwenye paji la uso. Akafungua faili.

"Kimefutwa kweli. Kwa barua ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yupi?"

Akanigeuzia barua.

Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho nimeuona miaka kumi na tisa. Kwenye cheti cha ndoa upo.

Sahihi ya mume wangu...

Wifi akaangalia sakafu. "Kaka alisema mama yako akihamia, yeye atakuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe."

"Na rangi?"

"Aliimwaga mwenyewe. Alitaka wakukute na makosa mawili, usipate pa kujitetea. Akaniambia nifunge mdomo."

"Mbona umeufungua?"

"Nilidhani watasimamisha ujenzi tu. Hakuniambia watabomoa."

Machozi yakaja. Nikayarudisha yalikotoka. Ilikuwa saa nane na nusu tayari.

"Karani, nisomee fomu yangu hapo juu. Mwombaji ni nani?"

"Wewe."

"Na anayeruhusiwa kuomba kibali kifutwe ni nani?"

Akashusha miwani machoni. Akasoma. Akasoma tena.

"Mwombaji."

"Hati ya kiwanja ina majina yetu mawili. Fomu ina moja. Mume wangu alidhani akiandika mwenye nyumba, kila mlango unafunguka."

Karani akacheka kwa pua. "Barua hii hatukupaswa kuipokea." Akagonga muhuri: kibali kinaendelea. Akampigia afisa simu palepale, asibomoe. Kisha akanikazia macho. "Lakini mtaro ni wa nyumba yenu. Usafishwe leo."

"Utasafishwa."

Jioni mume wangu alinikuta getini na koleo, gunia na ndoo ya maranda.

"Hii ya nini?"

"Nimeiona barua yako. Mwaga maranda kwanza, yanyonye. Kisha zoa, utie gunia. Usitie maji hata tone."

"Majirani wanaangalia."

"Wana macho."

Akasogea, akashusha sauti. "Mama yako akiingia humu, mimi natoka."

"Mlango wake nimeuweka mpana, wa kiti cha magurudumu. Utapita na begi lako bila kukwaruza rangi."

Akautazama ule mlango. Nikamsogezea gunia.

Akachukua koleo.

Ile X niliifuta mwenyewe, nikaipaka rangi nyeupe mara mbili. Jumamosi mama alishushwa ngazi. Sasa hivi nikiandika, yuko dirishani, anawakosoa wapita njia. Mume wangu bado yupo. Begi hajalifunga, na mimi sijamsamehe.

Dada zangu, fomu usijaziwe. Jaza mwenyewe, soma kila kisanduku, nakala ukae nayo. Rangi ya mafuta ipelekwe kituo cha taka hatarishi.

Na ukikuta X ukutani kwako, usianze kulia. Uliza kwanza barua yake imesainiwa na nani.