Chokaa kwenye Mpira wa Landrova

Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 1953, saa mbili na robo asubuhi, Bi Bahiya binti Zahor alisukuma mlango wa banda la gari nyuma ya nyumba yao ya Mwananyamala, mkononi ana birika la chai ya tangawizi. Alimkuta baba yake amelala chali juu ya mkeka, chini ya Landrova. Hakushtuka, maana tangu Jumamosi mzee alikuwa hana habari nyingine ila springi zake mpya. Akamwita mara mbili. Ndipo alipoona jeki imelala ubavu, gurudumu la nyuma la kulia limeegemezwa ukutani, na ekseli imekaa juu ya kifua cha mzee. Birika likamtoka mkononi.

Saa tatu kasorobo fundi Gaspar akaingia uani na mfuko wake wa spana begani, anapiga mluzi, hana hili wala lile. Saa tatu kamili alikuwa na pingu.

Tuseme ukweli, hata mie ningekuwa Inspekta ningemfunga huyo huyo. Landrova za siku zile zilikuwa gari za kazi, si za starehe. Springi zake zilikuwa mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, magumu kama benchi la shule, na barabara za Kinondoni wazijua. Mzee Zahor bin Nasser, mwenye duka la nguo na chumvi, alikuwa na mgongo mbovu, na kila shimo lilimtoa machozi. Gaspar ndiye aliyemwambia kwamba dawa ipo. Akapunguza mabapa mawili kila upande, akatafuta springi za mviringo kutoka gari dogo lililokufa, akazisimamisha kati ya ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, na chesi, fremu ya gari, ziyasaidie mabapa kubeba mzigo. Watu walicheka. Sasa mzee amekufa chini ya kazi ile ile, na hakuna aliyecheka.

"Kesi hii imekwisha," Inspekta alimwambia Sajini Adelard Kamugisha wa askari kanzu. "Fundi alikuja mapema, akatoa gurudumu, jeki ikateleza, akakimbia, kisha akarudi kujifanya hajui. Lori la mahabusu linaondoka saa saba. Andika maelezo yake uyamalize."

Inspekta alikuwa Mzungu mwenye haraka, na Adelard alikuwa na mke na watoto wanne wanaokula mshahara wake. Akajibu, "Ndiyo, bwana." Lakini jambo moja halikumwingia akilini. Mtu aliyekimbia kifo harudi akipiga mluzi.

Saa nne na dakika kumi aliingia kwenye chumba cha mahabusu kituoni. Kilikuwa chumba cha bati kisicho na dirisha, upana wake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Gaspar alikuwa amekaa sakafuni, shati limemganda mwilini kwa jasho. Nje, chini ya kivuli chembamba cha ukuta, mkewe Felicitas alikuwa amesimama na mtoto mgongoni tangu asubuhi, hataki kukaa.

"Afande, humu nitakufa kabla ya hiyo kesi yenyewe," Gaspar alisema.

"Nijibu haraka basi. Leo ulifika saa ngapi kwa mzee?"

"Saa tatu kasorobo. Nilikuwa nyumbani mpaka saa mbili na nusu. Shahidi wangu ni mke wangu, na najua ushahidi wa mke haunifikishi popote."

"Ulikuwa unaenda kufanya nini?"

"Kukaza nati. Na kufuta chokaa."

"Chokaa gani?"

Gaspar akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu wamfunge, mtu alikuwa amemuuliza kuhusu kazi yake.

"Juu ya ekseli, kila upande, kuna kipande cha mpira kimefungwa chini ya chesi. Gari likizidiwa mzigo, ekseli inapanda inagonga pale, na hapo ndipo mgongo wa mzee ulipokuwa unavunjika. Mie kila nikifunga springi, napaka ile mipira chokaa mbichi ya ukutani. Ekseli ikigonga, inaondoka na chokaa. Isipogonga, chokaa inabaki nzima. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa matoroli ya mkonge, ndiye aliyenifundisha."

"Na ilibaki?"

"Jumamosi tulipakia watu sita, tukaenda Mabibo na kurudi kwa njia ya mashimo. Saa kumi na moja jioni nilimshika mzee akalala kwenye mkeka, akatazama mwenyewe na tochi. Chokaa ilikuwa nzima, kulia na kushoto. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia, mzee, chokaa hii usiifute mpaka Jumatatu, na atakayelizidishia gari hili mzigo utamjua bila kumuuliza."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mie na yeye tu. Afande, nenda ukaitazame. Ikiwa imetoka, kuna mtu amelitumia gari tangu Jumamosi; ikiwa nzima, basi nifungeni."

Saa nne u nusu Adelard alikuwa bandani. Maiti ilikwishaingizwa ndani kuoshwa, na gari walikuwa wamelikalisha juu ya kigogo. Banda lile halikuwa na dirisha. Mlango wake ulitazama ua, ua ulikuwa na ukuta wa mawe wenye chupa zilizovunjwa juu yake, na ukuta ulikuwa na geti moja. Pembeni mwa banda kulikuwa na kijichumba cha dereva, kitanda kimoja na msumari wa kutundikia nguo. Adelard aliona komeo la kijichumba kile limepachikwa kwa nje. Kwa ndani hapakuwa na komeo.

Akavua koti, akalala chini ya gari.

Upande wa kulia chokaa ilikuwa imetoka kwenye mpira, na alama yake nyeupe imekaa juu ya ekseli. Akataka kutoka amwite Inspekta, kisha akasita. Gari liliangukia upande huo, huenda kishindo ndicho kilichogonganisha. Inspekta angelisema hilo kabla Adelard hajamaliza sentensi. Akajikokota hadi upande wa kushoto, ambako gurudumu lilikuwa bado lipo. Gari lilipoinamia kulia, upande huu ulinyanyuka, mpira ukaenda mbali na ekseli. Huku hakungeweza kugongana.

Na huku pia mpira ulikuwa mtupu, na ekseli ina chapa nyeupe nene, iliyopigwa mara nyingi.

Bi Bahiya alimpokea ukumbini, macho yamevimba, kanga imemfunika mpaka kidevu.

"Pole sana, Bi Bahiya. Jana gari lilitoka?"

"Halikutoka. Jana sote tulikuwa Temeke kwenye harusi, tulichukuliwa na gari la shemeji tangu saa moja asubuhi, tukarudi wakati wa Magharibi. Nyumbani alibaki Nassibu, dereva."

"Ufunguo wa gari anao nani?"

"Nassibu."

"Na mzee angeweza kutoa gurudumu mwenyewe?"

Akamtazama kwa uchungu. "Sajini, baba yangu viatu namvisha mimi. Kulala anaweza, akishikwa. Kuinama kupiga jeki, hawezi. Mtu alimnyanyulia gari, na mtu huyo ndiye fundi wenu."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na Albano, karani wa dukani. Juzi alimnyima ruhusa ya kwenda kwao kumzika dada yake. Albano alimwambia maneno mazito mbele ya wateja."

Adelard alikwenda dukani kwa baiskeli. Albano hakuficha kitu. "Nilimwambia Mungu atamlipa," alisema, "na sasa nitalala na maneno hayo." Lakini alikuwa amefungua duka saa moja, na kulikuwa na fundi cherehani barazani pake tangu saa hiyo ambaye hakumwona akitoka hata kwenda haja. Saa tano u nusu. Adelard akageuza baiskeli.

Nassibu alikuwa uani akichota maji ya kuoshea maiti. Mtu wa miaka arobaini, mpole, kwao Mahenge, miaka kumi na miwili kwa mzee.

"Jana ulifanya nini, Nassibu?"

"Nililala, afande. Nilichoka."

"Gari?"

"Sikuligusa."

"Na leo asubuhi?"

"Nilikuwa kwenye foleni ya bomba la mtaa, toka saa moja u nusu mpaka niliposikia kilio. Waulize watu wote. Watakwambia Nassibu alikuwa wa nne kutoka bombani."

Na kweli walimwambia. Wanawake watano pale bombani waliapa kwamba Nassibu alikuwepo asubuhi yote. Adelard alihisi kichwa kimefungwa kamba. Dereva amelitoa gari, hilo halina shaka, lakini ushahidi wa watu watano ulikuwa ukuta usio na hata tundu la kuchungulia. Saa sita na robo. Akaketi juu ya jiwe na kutazama foleni, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Foleni ilikuwa ndefu, na haikuwa na watu. Yalikuwa madebe. Wenyewe walikuwa vivulini, wengine majumbani mwao wakipika, wakija kuchungulia mara moja moja. Maji yalitoka kwa kudondoka, na kila mtu mwenye akili aliacha debe lake limshikie nafasi.

Adelard akainuka taratibu.

"Mama Apolonia," alimwita yule aliyekuwa ameapa kwa sauti kuliko wote, mama mmoja muuza vitumbua, "Nassibu ulimwona kwa macho yako?"

"Alikuwa mbele yangu, baba."

"Sura yake uliiona?"

Mama Apolonia akafikiri. "Debe lake lilikuwa mbele yangu. Lile lenye mshipi wa rangi ya buluu, nani asiyelijua? Nilikuwa nalisukuma kwa mguu kila foleni ikisogea, na nikamnung'unikia kabisa kwamba ananifanya punda wake." Kisha akasema polepole, "Yeye mwenyewe, baba, sikumwona."

Saa sita na dakika arobaini Adelard alikuwa amewakusanya bandani: Inspekta aliyekuwa anatazama saa, Bi Bahiya mlangoni, Gaspar na pingu zake, na Nassibu. Joto la bati lilikuwa limewashukia wote. Hewa ilinuka oili na tangawizi iliyomwagika.

Akawaonyesha mpira wa kulia, kisha wa kushoto. Inspekta alipiga magoti, akatazama kwa tochi, akasimama akijipangusa vumbi.

"Jumamosi jioni chokaa ilikuwa nzima baada ya watu sita na mashimo ya Mabibo," Adelard alisema. "Leo imetoka pande zote. Kati ya hapo gari limebeba mzigo mzito mara nyingi. Jana nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja na ufunguo mmoja. Nassibu, ulibeba nini?"

"Sikuligusa gari, afande."

"Asubuhi mzee alitaka kuitazama chokaa yake. Nani alimtandikia mkeka, akamtolea gurudumu apate kuona vizuri?"

"Mie nilikuwa bombani."

"Debe lako lilikuwa bombani. Mama Apolonia alilisukuma kwa mguu mpaka likafika mbele, na mwenyewe hukuonekana. Yuko nje hapo, nimwite?"

Nassibu alitazama mlango. Bi Bahiya alikuwa amesimama katikati yake, na nyuma yake ua, na nyuma ya ua geti. Kila aliyekuwepo aliona mabega ya yule mtu yakishuka.

"Mawe," alisema. "Nilibeba mawe ya kujengea. Safari saba."

"Ya nini, Nassibu?" Bi Bahiya aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira bado. "Wewe unajenga?"

"Temeke, Bi Bahiya. Vyumba viwili. Msingi umeisha." Akakinyooshea kidole kijichumba chake. "Miaka kumi na miwili mzee ananifungia kwa nje kila usiku, nisitoke na gari. Hata nikiumwa tumbo nagonga mpaka asikie. Nilitaka chumba ambacho mlango wake naufunga mwenyewe, kwa ndani. Basi."

"Na asubuhi?"

"Aliniita, akaniambia nyanyua, toa gurudumu, nitazame kazi ya fundi. Mie chokaa sikuijua. Nikamshika, nikamlaza. Akatazama kulia, akanyamaza. Akasogea akamulika kushoto, akanyamaza tena. Kisha akaniambia, akiwa hapo hapo chini, kwamba leo hii naondoka, na barua ya kazi haniandikii." Alimgeukia Inspekta, kana kwamba huyo ndiye wa kuelezwa. "Mtu asiye na barua mjini hapa mnamwokota njiani kama mhuni, mnampakia lori, mnamrudisha kwao. Nimeona wenzangu. Nikamwomba, mzee nisamehe, nikate hata mwaka mzima. Akasema, niinue, unanipotezea muda. Nikapiga jeki teke."

Bi Bahiya alijishika kwenye mlango. "Angekusamehe, Nassibu," alisema. "Angefoka mpaka Adhuhuri, halafu angekutuma sigara. Humjui?"

Nassibu alifunika uso kwa mikono, na hapo ndipo alipolia.

"Na mie ulikuwa unaniacha niende," Gaspar alimwambia.

Inspekta mwenyewe alimfungua Gaspar pingu, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho hakikuwa pole. Fundi akasugua vifundo vya mikono, akatoka uani. Felicitas alikuwa ameshafika getini na mtoto. Alimpa mtoto ambebe, kisha akakaa chini kwa mara ya kwanza siku ile.

Lori liliondoka saa saba bila mahabusu, kwa kuwa maelezo ya Nassibu yalikuwa hayajaandikwa. Adelard alimpeleka kwenye kile chumba cha bati. Ndani bado mlikuwa na joto la Gaspar. Nassibu aliingia akiinamisha kichwa, akageuka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mlango, upande wa ndani, penye bati tupu lisilo na komeo.

Adelard alimwona akitazama. Kisha akavuta mlango, akafunga komeo, na akaenda kuandika.