Kopo la Vishikio Vinne

Nitaanza na asubuhi njema za nyumba ile, ili mjue kilichopotea. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na ndani yake waliishi Msusi na mama yake. Saa kumi na mbili Msusi alibandika uji, na mama yake alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni, akimsimamia. Mama huyo alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu mwaka uliotangulia. Mkono wa kulia ulibaki mzima, na ulimi ulikuwa mzima zaidi.

"Koroga mpaka chini," alisema. "Uji haubembelezwi."

"Mama, nasuka vichwa ishirini kwa wiki. Nitashindwa na uji?"

"Vichwa haviungulii sufuria."

Walicheka, wakanywa pamoja. Kisha Msusi alimfuta mama yake mdomo upande ule usiohisi kitu, akashuka kwenda saluni. Yote hayo yalikula nusu saa. Nusu saa, ndugu zangu. Shikeni hesabu hiyo, nitawadai mbele.

Saluni ikapata jina. Wateja wakaanza kutaka kusukwa kabla ya kwenda makazini, na nusu saa ya uji ikageuka mzigo. Ndipo Msusi aliponunua maikrowevu. Simlaumu kwa hilo. Ni chombo kizuri, hakina mwali wa kuunguza pazia, na mtu wa mkono mmoja anaweza kukitumia bila kuwasha kiberiti. Karatasi ya maelekezo aliitazama mara moja, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Msimcheke. Nendeni mkaulize ya kwenu iko wapi.

Tangu hapo, kila Jumapili alipika uji wa wiki nzima, akaumimina kwenye makopo ya plastiki na kuyapanga kwenye friji. Juu ya kitufe cha dakika mbili akapaka tone la rangi nyekundu ya kucha, ile ya saluni.

"Mama, weka kopo, funga mlango, bonyeza hapa penye nyekundu. Ikilia, toa unywe."

"Na kifuniko? Kikiwa baridi kinanishinda kwa mkono mmoja."

"Pasha hivyohivyo. Kikipata moto kitalegea chenyewe."

Kweli, kililegea. Yalikuwa makopo ya bei rahisi, vifuniko vyake laini, na mvuke ulivinyanyua bila shida. Siku ya kwanza salama, ya pili salama, mwezi wa kwanza salama. Nasi tuna ugonjwa huo katika majiko yetu: jambo likitusamehe mara thelathini, tunaliita ujuzi.

Mama hakuwa na neno juu ya mashine. Neno lake lilikuwa jingine. Jioni moja alisema, "Uji ni mtamu. Ila kile kinachozunguka mle ndani hakina hadithi." Msusi alikuwa akihesabu miadi ya wateja kwenye simu. Akaitika tu, "Mmh."

Basi makopo yale ya zamani yakaanza kuvuja kwenye friji. Msusi akanunua mapya, ya maana, yenye mpira ndani ya kifuniko na vishikio vinne vya kubana pembeni. Hata ukiyageuza juu chini, tone halitoki. Aliyasifia kweli. Jumatatu asubuhi, Msusi akiwa tayari amebeba mkoba begani, mama yake alikuwa na kopo moja mapajani, akilitazama.

"Haya mapya yana meno," mama alisema. "Nifungulie kabla hujatoka."

"Mteja yuko mlangoni pa saluni, Mama. Yapashe kwanza, yatalegea kama yale mengine."

"Ni vishikio vinne tu, mwanangu."

"Nimekwambia yatalegea."

Akatoka. Alivuta mlango polepole usije ukampigia mama yake kelele, maana hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili makusudi. Wengi wenu mnangoja nimfanye mkorofi ili mpumue na kusema, huyo si mimi.

Alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja wa pili aliposikia mtu akihema mlangoni. Alikuwa fundi viatu wa ghorofa ya chini yao, na alikuwa peku. Mtu aliyevalisha mtaa mzima alikuwa amekimbia barabarani bila viatu.

"Njoo. Mama yako ameungua."

"Kwa moto gani? Jiko nimelizima mwenyewe."

"Kwa uji," fundi alisema.

Jinsi ilivyokuwa, Msusi alikuja kuijua kidogo kidogo. Mama alibonyeza penye nyekundu mara mbili, kwa kuwa kopo nene lilitoka bado baridi kwa nje. Halikulegea. Mvuke ulikuwa umejaa ndani na mpira umeuziba, hauna pa kutokea. Mama akaliegemeza kifuani, akaulaza ule mkono uliopooza mbele yake ili lisiteleze, akainama kutazama, akafungua kishikio cha kwanza kwa mkono mzima. Akafungua cha pili. Cha tatu hakukimaliza. Kifuniko kiliruka, na uji wote ukampata usoni, shingoni na mkononi. Maji ya moto humwagika yakapita. Uji hung'ang'ania ngozi, nao ulihitaji mkono wa kuufuta, na mkono pekee aliokuwa nao ndio uliokuwa ukiungua. Fundi viatu alisikia kiti kikianguka juu ya dari yake, akapanda ngazi, akasukuma mlango, akammwagia maji ya bomba mpaka majirani walipofika, ndipo akakimbilia saluni.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu sikioni. Alimtazama mgonjwa, akamtazama Msusi.

"Nani alimfundisha kupasha kopo likiwa limefungwa?"

Msusi alifungua mdomo. Kutoka kitandani, chini ya bandeji, sauti ya mama yake ikatangulia.

"Nilisahau mwenyewe. Mwanangu aliniambia nifungue kwanza. Mimi na uzee wangu."

Daktari akaandika. Na Msusi, niwaambie kweli hata kama inauma, alifunga mdomo. Aliona aibu na nafuu kwa pamoja, na nafuu ikashinda.

Jioni ile alirudi nyumbani kuchukua kanga za mama yake. Uji ulikuwa umekaukia ukutani. Akapiga magoti, akaivuta ile karatasi chini ya mguu wa meza, akaikunjua. Meza ikayumba. Maneno yalikuwa katika lugha aliyoijua vizuri, mstari wa nne kutoka juu: chombo chenye kifuniko cha kubana kisipashwe kikiwa kimefungwa. Alilia pale sakafuni. Kilio hicho hakikumfikia aliyestahili kukisikia.

Jicho la kulia la mama halikuona tena. Vidole vya mkono wa kulia vilipona vikiwa vimekunjana, havishiki hata kijiko. Sasa mwanamke yule ambaye alikuwa akijilisha, akijifunga kanga na kubonyeza vitufe vyake, alingoja kufanyiwa kila kitu. Wateja wa alfajiri walikwenda saluni nyingine. Msusi alikoroga uji sufuriani kama zamani, akamlisha mama yake kijiko kwa kijiko, na mama hakumwambia tena kwamba uji haubembelezwi. Mashine ilihamishiwa kwa fundi viatu, lakini hata kengele ya baiskeli ikilia barabarani kama mashine ile, mama aligeuza uso ukutani.

Hivyo ndivyo walivyokaa miezi minne. Asubuhi moja, kijiko kikiwa njiani, Msusi aliweka bakuli chini.

"Mama. Pale hospitali ulisema umesahau. Hukusahau. Ni mimi niliyekwambia upashe likiwa limefungwa."

"Najua."

"Kwa nini basi ulisema vile?"

"Ulikuwa mbele ya watu," mama alisema. "Nikasema nikufunike kwanza, utajifunua mwenyewe tukifika nyumbani. Nimengoja." Jicho lake moja lilimtazama. "Umechelewa, mwanangu. Haya, nifute mdomo, uji unashuka upande huu."

FUNZO LA KOPO HILI

Wazazi wenzangu, na watoto wenye wazazi: chakula kinachoingia kwenye maikrowevu kisifungwe kikabanwa. Legeza kifuniko au uweke ufa wa kutokea mvuke. Koroga katikati, kwa maana juu panaweza kuwa vuguvugu na ndani panachemka, na chombo baridi kwa nje kisikudanganye. Mashine ikilia, ngoja dakika moja, kisha funua ukielekeza mvuke mbali na uso wako. Yai na gamba lake usiliweke mle, wala sufuria au kijiko cha chuma. Maziwa ya mtoto yatikise, uyajaribu kwenye kifundo cha mkono wako kabla ya mdomo wake. Na karatasi ya maelekezo isomeni. Mguu wa meza utafutieni kipande cha ubao.

Hilo ndilo funzo dogo. Funzo kubwa ni kwamba chombo kimeundwa kupasha chakula, na kazi yake inaishia hapo. Kumwangalia mgonjwa ni kazi yako, na ukimwachia mashine kazi hiyo, siku itakapomdhuru usitafute fundi wa kumlaumu. Nilisema nitawadai ile nusu saa. Msusi angelipa miaka kumi ya maisha yake kuinunua tena, na haiuzwi. Kama kweli huna nusu saa, basi fungua kopo kabla hujatoka. Vishikio vinne. Nimejaribu kwa mkono mmoja nikashindwa, nikajaribu kwa miwili, vikafunguka vyote kabla sijamaliza kuhesabu tano.