Kifumbu cha Bimdogo

Zamani, ukipita kichochoro chetu cha Kibokoni asubuhi, ulikuta watoto wameshika mabakuli ya bati. Walikuwa wakienda kwa mama yake Bimdogo, aliyekuwa akitengeneza jibini. Maziwa yakishaganda, aliyakamua kwa kitambaa. Yale maji ya kimanjano yaliyobaki aliyagawa bure. Tuliyaita maji ya jibini. Mama yangu aliyakandia unga wa mkate. Wengine waliwapa mbuzi wao. Sisi watoto tuliyanywa kwa chumvi na bizari nyembamba. Hadi leo nikiikumbuka ladha ile, naitamani.

Sasa mama huyo amefariki. Jibini anatengeneza Bimdogo mwenyewe, katika jiko lile lile. Kazi imekua, na mahoteli yanaagiza kwake. Lakini majirani wengi wamehamia Bamburi na Kisauni, na mbuzi wa mtaani hakuna tena. Kila ndoo ya maziwa huacha karibu ndoo nzima ya maji, na maji hayo hayana mwenyewe. Bimdogo akawa anayamwaga mtaroni.

Maji yale yakichacha, yananuka vibaya. Nzi walijaa. Mimi ni jirani yake wa mlango kwa mlango, na nilikuwa nikifunga dirisha mchana kutwa.

Siku moja alikuja mwenye nyumba, Abdulghafur. Naye amezaliwa kichochoro hiki hiki.

"Salaam aleikum, Bimdogo."

"Waaleikum salaam. Karibu, kaka. Hawajambo nyumbani?"

"Alhamdulillahi. Nimekuja kwa jambo lisilonifurahisha, dada. Watu walalamika. Mtaro wanuka. Ramadhani ikiingia na hali ni hii, itabidi jiko lifungwe. Nyumbani utaendelea kukaa, lakini jibini ukafanyie kwengine."

Mimi naujua ulimi wa Bimdogo. Nilingoja amjibu. Yeye aliutazama tu ukuta wa jiko, pale palipoingia weusi kwa moshi wa mama yake. Jiko lile ndilo alilobakiwa nalo la mama. Nilimwonea huruma sana.

Siku chache baadaye aliniita. Alikuwa amesikia redioni kwamba ndani ya maji ya jibini mna protini, kirutubisho kinachojenga mwili.

"Sasa mimi naitoa," akasema. "Protini niiuze, maji yabaki safi."

Alitoa kifumbu cha mama yake, kile kifuko cha ukili cha kukamulia tui la nazi. Ndani akatia kitambaa. Tukamimina, tukakamua. Maji yakatoka vile vile. Akatia kitambaa cha pili. Vile vile. Mwisho akaleta mtandio wake wa Idi, wa hariri. Mtandio ukaharibika, na maji hayakubadilika hata kidogo.

Akatukuta hivyo Mbeyu, mteja wake wa jibini. Mbeyu alisomea mambo ya maziwa na akafanya kazi kiwandani. Siku hizi ni fundi wa zile mashine za kuchuja maji ya chumvi, kuanzia hapa mpaka Feri.

"Shikamoo, mama. Leo mwafua?"

"Marahaba, mwanangu. Twachuja protini. Imekataa kutoka."

Mbeyu aliutazama mtandio, akajizuia kucheka. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi.

"Mama, ukikoroga chumvi ndani ya maji, kitambaa chaweza kuitoa?"

"Hakiwezi. Imeyeyuka."

"Protini hii nayo imo majini namna hiyo. Chembe zake ni ndogo mno, zapita kitambaa chochote. Lakini ni kubwa kuliko chembe za chumvi na za sukari ya maziwa. Wataka kifumbu kitakachozuia hizo kubwa na kupitisha hizo ndogo."

"Na kifumbu hicho chasukwa na nani?"

"Kiwandani. Chaitwa utando. Matundu yake huwezi kuyaona kwa macho."

"Si kama ule wa mashine zako za maji?" nikauliza.

"Ni ndugu yake. Lakini ule wa maji matundu yake ni madogo zaidi, hata chumvi haipiti. Utazuia kila kitu, protini na sukari pamoja. Lazima upate ule wa maziwa."

"Huo hauzibi?" akauliza Bimdogo. "Mimi kifumbu changu machicha hukiziba."

"Chaziba kwa sababu wakamua kwa kuyabana machicha. Hapa pampu yayasukuma maji yakiambaa juu ya utando. Maji, sukari na chumvi vyapenya, vyatoka pembeni. Protini yarudi ndooni, yazunguka tena. Ule mwendo wausafisha utando."

"Na asiye na mashine?"

"Achukue maji ya siku ile ile. Ayapashe moto polepole hadi karibu kuchemka, atie ndimu kidogo. Vipande vyeupe vitaelea. Hivyo kitambaa chavizuia."

Bimdogo alikigeuza kifumbu mkononi. "Mama alikuwa akifanya hivyo," akasema. "Akitupakia kwenye mkate wa mofa. Nilikuwa nimesahau."

Lakini kwa ndoo zake zote, gesi isingetosha. Kikundi chake cha akina mama kikakubali kununua mashine ndogo, na Mbeyu akaja kuifunga.

Siku ya kwanza tulisimama tukitazama. Pampu ilinguruma. Mrija mmoja ulitoa maji maangavu. Ndoo ilizidi kupungua, na yaliyobaki ndani yakawa mazito, yenye ukungu. Ndoo nzima ikabaki jagi moja.

Bimdogo akalichukua jagi, akaenda kuwasha jiko.

"Wafanya nini, mama?"

"Nachemsha. Tangu lini cha maziwa kikanywewa bila kuchemshwa?"

"Ukichemsha, protini itaganda. Maziwa tumeshayapasha moto wa kuua vijidudu kabla ya kuyagandisha. Sasa weka kwenye friji. Na utando uoshwe sasa hivi, usingoje kesho."

"Haya mengine maangavu nimwage?"

"Hapana. Yana sukari. Mtaroni yatachacha, yatanuka kama zamani."

Bimdogo akayaweka ndani ya sufuria kubwa, akaiweka barazani. Akamwambia kila apitaye kwamba maji ya kukandia mkate yamerudi. Mwanzo walikuja majirani wawili. Kisha akaja mwoka mikate wa mtaa wa pili, na huyo hubeba madumu. Ile protini Bimdogo huichanganya na ndizi na iliki, akauza kinywaji baridi. Mtaro ukakauka. Nikafungua dirisha langu.

Ikaingia Shaabani, Ramadhani ikawa mlangoni. Asubuhi moja Abdulghafur alitokeza kichochoroni. Bimdogo alisimama, akajifuta mikono. Abdulghafur alifika akasimama mbele ya sufuria. Mkononi alikuwa na bakuli la bati, la ukingo wa buluu, limebanduka rangi.

"Ni la marehemu mama," akasema. "Mke wangu yuwaoka mikate. Nasikia maji yamerudi."

Bimdogo alilijaza.

"Usijaze sana, dada."

"Waogopa nini? Hata zamani nusu ulikuwa ukiimwaga njiani, ukapigwa ukifika."

Abdulghafur akacheka mpaka bakuli likatikisika.

"Na lile jambo la jiko?" akauliza Bimdogo.

"Jiko gani?" akasema Abdulghafur.

Akageuka, akaenda zake taratibu, amelishika bakuli kwa mikono miwili, macho yake yote ndani ya maji.